Kwa Remmy, Shusha

Kila siku iendayo kwa Mungu makonda wa daladala zinazopita Sinza huita, "Kwa Remmy wapo?" na abiria hujibu, "Shusha!" Wanashuka, huyu na mfuko wake wa nyanya, yule na sare yake ya shule, wanavuka barabara na kupotelea vichochoroni. Siku moja nilimwuliza kijana wa kidato cha tatu hivi, mtanashati kweli, simu mkononi, Remmy ni nani. Akanitazama kama mtu anayetegwa. "Si kituo, kaka?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilizaliwa mwaka 1999. Dokta Remmy Ongala alipofariki, tarehe 13 Desemba 2010, nilikuwa darasa la nne, na muziki niliokuwa naujua ni ule wa Bongo Fleva uliokuwa ukitoka kwenye simu za kaka zangu. Tofauti yangu na yule kijana ni moja tu, nayo ni ya mahali ninapokaa. Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 2017, na matokeo yakasema yaliyosema, nasimamia kibanda cha vocha na miamala ya simu. Wateja wakipungua natoa kaunta buku langu chini ya meza, naandika riwaya. Sasa, hatua kumi kutoka kibandani pana muuza kahawa, na penye kahawa pana benchi, na penye benchi pana wazee.

Wazee wenyewe ni watatu. Mmoja ni dereva mstaafu wa mabasi ya abiria. Wa pili ni fundi cherehani, mtu wa Tabora, ambaye mpaka leo akikaa anakunja suruali kwa namna ya kulinda mkunjo wa pasi. Wa tatu ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Majina yao siyataji, maana walipojua naandika kila mmoja alisema nikimtaja atanidai. Hawa watatu walikuwa mashabiki wa Super Matimila tangu miaka ya 1980, yaani mashabiki wa kulipa kiingilio, si wa kusimulia tu. Ukitaka asubuhi yao iharibike, au ichangamke, taja Remmy halafu kaa pembeni.

Habari za maisha yake nitazipitia mbiombio. Alizaliwa mwaka 1947 karibu na Kindu, Kongo ya Mashariki, akaitwa Ramadhani Mtoro Ongala. Mganga alimwambia mama yake asimnyoe nywele huyo mtoto, na udokta wake wa baadaye chanzo chake ni huko huko kwenye uganga, wala si chuo kikuu. Akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akaingia Super Matimila, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Ili muwaelewe wazee wangu, lazima mjue jiji lenyewe lilivyokuwa. Bendi kubwa za dansi zilikuwa na wenyewe. Msondo ilitokana na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilikuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Matimila haikuwa na shirika wala chama, vyombo vyake vilikuwa vya mtu binafsi. Kwa hiyo ukisema wewe ni wa Matimila, anavyosema dereva, ulikuwa kama mtu anayeshangilia timu isiyo na uwanja.

Nyimbo zenyewe zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, kwa ajili ya kurushwa hewani. Haya ninayoyasema yashikeni vizuri, maana ndiyo kiini cha ubishi wote wa benchi lile. Hapakuwa na duka mtaani ambako ungeingia ukasema nipe albamu mpya ya Matimila, ukafungiwa kwenye karatasi ukaenda zako. Bendi ilirekodi, mkanda ukabaki maktaba ya redio, wimbo ukapigwa siku mtangazaji alipoamua kuupiga. Ukiutaka uwe wako, unajirekodia mwenyewe kwa kaseti, au unakwenda ukumbini.

Na ukumbini ndiko wimbo ulikokuwa mzima. Redioni ulikuwa na mwisho wake. Ukumbini mwisho aliujua Remmy peke yake. Wazee wananisimulia kwa mikono, vikombe vinataka kumwagika: kwanza anaimba taratibu, watu wamesimama tu, wengine hata hawajaacha viti, kwa sababu neno likikupita hapo umekwisha. Halafu gitaa la solo linadakia, la ridhimu linajibu, besi inatembea chini kama mtu anayetafuta kitu gizani, tumba linapasuka, ndipo chemko. Hapo kila mwenye miguu anakumbuka kuwa anayo. Na katikati ya chemko, anasema baba mdogo, jamaa anaweza kuinua mkono, vyombo vikashuka, akaanza kuzungumza. Mara kodi ya nyumba, mara misiba, mara tajiri anavyopita na gari akakurushia maji ya dimbwi. Halafu mkono unashuka, vyombo vinarudi juu.

"Wee mtoto," dereva aliniambia, "wenzako walikuwa wanakwenda dansi kucheza. Sisi tulikuwa tunakwenda kusemewa."

Maneno hayo niliyaandika siku ile ile nyuma ya daftari la miamala.

Dansi likiisha, mabasi hakuna. Wakirudi kwa miguu mpaka Magomeni, viatu mkononi wakati wa mvua, njia nzima wanabishana juu ya ubeti mmoja. Fundi anaapa kwamba usiku fulani Remmy aliongeza katika "Mnyonge Hana Haki" maneno ambayo hayajapata kusikika tena popote, wala redioni wala wapi. Dereva anasema fundi alikuwa amelewa. Fundi anasema yeye hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, jambo ambalo baba mdogo hulipokea kwa kikohozi kirefu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha "Mambo kwa Soksi". Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, lakini miaka ikapita watu wazima wakiendelea kuinamisha nyuso kila kondomu ilipotajwa. Remmy akaiita soksi, akaitungia wimbo. RTD ikakataa kuupiga. Basi ndio kwanza ukaenea, kaseti kwa kaseti, mtaa kwa mtaa. Dereva anasema alikuwa nao kwenye basi lake, akauweka siku moja mchana kweupe. Mama mmoja kiti cha mbele alimziba mwanawe masikio kwa viganja vyote viwili, wimbo mzima. Ulipokwisha, yule mama akasogea karibu na kiti cha dereva, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hebu urudishe, huku nyuma hatukusikia vizuri."

Mimi ni mwandishi mchanga, sijachapisha hata kurasa kumi, lakini kisa hicho nimekihusudu. Tukiandika juu ya UKIMWI, sisi vijana wa kalamu, tunaandika kama mabango ya zahanati. Mtu mmoja akatafuta neno la kabatini, neno ambalo mtoto analivaa miguuni kwenda shule, na taifa zima likaelewa.

Haya, tuje kwenye albamu.

Rafiki mmoja wa bendi aliyekuwa anarejea Uingereza alibeba mkanda, ukawafikia watu wa WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia alilolianzisha Peter Gabriel na wenzake. Mwaka 1988 Matimila wakaalikwa katika ziara ya WOMAD Ulaya, na mwaka huo huo ikatoka huko santuri ya *Nalilia Mwana*. Mwaka 1989 kampuni ya Real World ikatoa *Songs for the Poor Man*, na mwaka 1992 *Mambo*. Hiyo ya mwisho ina nyimbo zenye majina ya Kiingereza kama "One World" na "No Money, No Life", halafu humo humo ina wimbo unaoitwa "Mrema", kwa jina la waziri wetu wa mambo ya ndani wa wakati ule. Huwa najiuliza msikilizaji wa London aliufanyia nini huo.

Jina la ile ya mwaka 1989 lina maana ya nyimbo za mtu maskini. Jamani! Nyimbo za maskini zimechapwa Uingereza, zimeuzwa kwa fedha za kigeni, na maskini mwenyewe yuko Manzese anasubiri mtangazaji aamue. Sisemi kwa kulaumu. Remmy alipata jukwaa alilostahili, na lau si Waingereza wale leo pengine tusingekuwa na sauti yake iliyorekodiwa safi namna ile. Lakini neno "albamu" lilikuja Sinza likiwa limechelewa sana.

Kiasi gani? Wazee wangu waliisikiliza albamu ile ya mwaka 1989 kwa mara ya kwanza mwaka jana, kwenye simu yangu, nikiwa nimeiunganisha na spika ya kibandani. Nilidhani watafurahi. Ulianza "Nasikitika", ukaja "Karola". Wakasikiliza wameinama kama watu walio kwenye kikao cha mahari.

"Imefuliwa," alisema dereva hatimaye. "Imefuliwa, ikapigwa pasi. Watu wako wapi? Mbona hakuna mtu anayepiga kelele?"

Baba mdogo akasema nyimbo zinaisha kabla hazijaanza. Fundi, ambaye kwa kawaida ndiye mbishi kuliko wote, alikuwa kimya, kisha akaomba nirudishe mwanzo. Akasema katika miaka yote ile ya kukanyagwa vidole ukumbini hakuwahi kulisikia gitaa la besi vizuri, ati siku zote alidhani besi inafuata ngoma, kumbe ngoma ndiyo inafuata besi. Wakamzomea. Mimi niko upande wa fundi. Wanaosema cha ukumbini tu ndicho halisi wanasahau kwamba sisi wengine tulizaliwa mlango umeshafungwa, hatuna ukumbi wa kwenda. Katika "Karola" ile ya Real World nasikia kila gitaa limesimama mahali pake, na sauti ya Remmy, ile yenye mchanga, iko karibu na sikio kana kwamba ananiambia jambo asilotaka jirani asikie. Hata hivyo kelele anazozidai dereva sasa nazisikia zilivyokosekana, na kabla hajasema nilikuwa sizisikii.

Kuhusu miaka yake ya mwisho hawaelewani kabisa, nami nisiwachoshe. Baada ya kuugua aliokoka, akakata zile nywele, akaimba nyimbo za injili. Fundi alikasirika, mpaka leo hazisikilizi. Baba mdogo anasema mtu aliyeimba "Kifo" ujanani hakuwa na safari ndefu kufika kanisani.

Basi, kuna kaseti moja.

Baba mdogo, baba yangu na huyu fundi walikuwa wakiishi chumba kimoja Magomeni, vijana watatu, kitanda kimoja na mikeka. Redio yao ilikuwa ya kusikiliza tu, haina mahali pa kaseti. Kwa hiyo waliazima kinasa sauti, wakakiweka kwenye kigoda mbele ya redio, baba mdogo akakalia kidole chake kwenye kitufe kwa saa nzima akisubiri Matimila. Wakaupata "Nalilia Mwana". Hawakubaliani kama ulikuwa mwaka 1986 au 1987. Mtangazaji amekalia mwanzo wa wimbo, halafu anatoka, halafu Remmy. Na kwa sababu kinasa kilikuwa kinachukua kila kitu, chumba chote kimo. Jogoo mmoja, kitu kama sufuria, mtu anapiga chafya. Kisha, karibu na katikati, sauti ya mwanamume kijana inasema wazi, bila haraka, "Funga mlango, mbu."

Baba mdogo anasema ile ni sauti ya baba yangu.

Baba alifariki mwaka 2002. Nilikuwa na miaka mitatu. Picha zake ninazo mbili, ya moja amefumba macho. Sauti yake sikuwa nayo kabisa, hata kwa kubuni. Nilipoanza riwaya yangu nilitaka mhusika mkuu awe na baba, nikaandika kurasa nyingi baba yule akiwa anatikisa kichwa tu, anaingia na kutoka, anaashiria kwa mkono. Mshikaji wangu anayenisomea miswada aliniuliza kama nimekusudia awe bubu.

Kwa hiyo mtanielewa kwa nini niliichukua ile kaseti kama mtu aliyebeba yai. Kanda yenyewe ilikuwa imeanza kulegea, ukiipiga sauti inazama na kuibuka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Kariakoo anayehamisha kaseti kuingia kwenye kadi ya simu. Akafungua maganda, akaihamisha kanda kwenye ganda jingine zima, akaninong'oneza kwamba nikichelewa miezi sita asingeahidi kitu. Nikalipa. Usiku ule nililala na spika ndogo sikioni. Santuri ya wimbo ule ule iko Ulaya kwenye makabati ya watu tangu mwaka 1988, imechapwa vizuri, na hapana shaka ni safi kuliko kaseti yangu. Lakini mbu hawamo.

Kesho yake nikaupiga kwenye benchi. Ilipofika ile sauti, fundi cherehani akaweka kikombe chini.

"Huyo ni mimi."

Baba mdogo akamwambia asianze. Fundi akasema haanzi, anamaliza: yeye ndiye aliyekuwa analala karibu na mlango, yeye ndiye aliyekuwa analiwa na mbu, ndugu wawili wa Masasi walikuwa wamejibanza kitandani ukutani, wangejuaje habari za mbu? Dereva, ambaye hakuwepo hata kidogo, akaamua kwamba ni sauti ya fundi. Sikusema lolote. Nilikuwa nawatazama watu wazima watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata siku moja juu ya urefu wa wimbo, juu ya ubeti, juu ya mwaka, na sasa wanabishana kwa namna ile ile juu ya kitu ambacho mimi sina kingine mfano wake.

Jumapili nikapanda mpaka Mbagala kwa mama. Sikumweleza chochote. Nikampa simu, nikakaa.

Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudisha." Akasikiliza tena. Mara ya tatu akaisogeza simu sikioni, akafumba macho, na sehemu ile ilipopita midomo yake ikatikisika kidogo kama mtu anayefuatisha.

"Baba yako," akasema, "alikuwa hawezi kusema mlango. Watu wa kwao kule Masasi wanasema nnango. Mjini aliishi miaka ishirini, mlango ukamshinda. Nilikuwa namcheka." Akaniangalia. "Kama ni nnango, ni yeye. Kama ni mlango, ni huyo rafiki yake."

Tukaurudisha. Tukaurudisha tena, spika kubwa ya jirani, milango imefungwa, watoto wametolewa nje. Ninyi nyote mtasema ni rahisi, si usikilize tu. Mimi mwenyewe niliandika "funga mlango" hapo juu kwa sababu ndivyo lugha inavyoandikwa. Pale pale kwenye neno lenyewe, kwenye herufi mbili zile za mwanzo tunazozitaka, mpiga tumba wa Super Matimila anaingia kwa viganja vyote viwili.

Yule fundi wa Kariakoo anasema inawezekana. Ana programu kwenye kompyuta yake, anaweza kulipunguza tumba mpaka sauti ya mtu ijitokeze, nimpelekee shilingi elfu ishirini. Nilikwenda kumwambia baba mdogo nikidhani atachangia. Alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kulimenya, ganda refu moja bila kukatika, mpaka likaisha.

"Ulipunguze tumba?" akasema. "Sasa hiyo si itakuwa siyo Matimila?"